Mgonjwa Amearifiwa

Tallsele, 9 Machi

Mdogo wangu Yngve,

Salamu kutoka kwenye theluji. Asubuhi bado ni digrii kumi na nne chini ya sifuri, ila mchana paa linadondosha maji. Kjell hajambo, anauliza kama bado una ile pikipiki. Goti lako je?

Mimi nina saratani ya kongosho. Naandika hivi kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza badala ya kunijibu. Iligunduliwa Januari. Tangu Februari natundikiwa dripu kila baada ya wiki mbili katika hospitali ya mkoa. Daktari wangu ni kijana, anaitwa Broman. Ana adabu, huvuta kiti akakaa. Ukutani kuna ubao ulioandikwa "Ni nini muhimu kwako?" na kila nikienda muuguzi huniuliza, akaandika jibu. Mara ya kwanza nilisema: kujua kama nitapona. Akaandika "Kupata habari", akahamia kitanda cha pili.

Sababu ya kutaka kujua ni hii. Halmashauri imempatia Kjell chumba katika nyumba ya uangalizi wa watu wasioweza kuishi peke yao, nyuma ya kanisa, dakika saba kwa mguu. Tuliomba miaka sita iliyopita. Jibu langu liwafikie kabla ya tarehe 30 Aprili, la sivyo anapewa mwingine. Kama nitapona, mwanangu atabaki nami nyumbani, kama miaka yote hii arobaini na minne. Kama sitapona, ahamie sasa, wakati bado nina miguu ya kwenda kula naye jioni mpaka azoee. Unajua alivyo. Tulipobadilisha meza ya jikoni alikula amesimama miezi miwili.

Kwa hiyo: nitapona? Udaktari umeufanya miaka thelathini na minane.

Dada yako,
Siv


Malmö, 17 Machi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye ngazi, hata koti sijavua. Pole sana, Siv. Goti ni goti, tuliache. Msalimie Kjell, pikipiki ipo, ila haiwaki.

Broman namfahamu! Alipita kwenye somo langu la Mazungumzo na Mgonjwa. Sisi ndio tuliomfundisha kuvuta kiti. Uko kwenye mikono mizuri.

Swali lako, mwenye haki ya kulijibu ni yeye. Ana picha na vipimo, mimi sina, ningekuwa nakisia. Mimi si daktari wako, ni mdogo wako. Fanya hivi: andika maswali kwenye karatasi, yasizidi matatu, umpe kabla hajaanza kusema. Vijana wetu wamezoezwa kusubiri, ili mgonjwa apokee kwa kadiri anavyoweza kubeba. Usikate tamaa. Dawa za sasa si zile za zamani.

Mdogo wako,
Yngve


Tallsele, 21 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima? Sisi twashukuru. Barafu ya mtoni imepasuka juzi, saa nane na robo mchana. Nimepungua kilo sita. Kjell ananiita ufagio.

Karatasi niliipeleka. Nanakili kutoka daftari langu la kila siku. Niliandika nikiwa bado ndani ya basi.

"Swali la kwanza," nikasema. "Nitapona?"

"Hilo ni swali muhimu sana, Siv. Wewe mwenyewe unafikiri nini?"

"Nafikiri ningekuwa najua nisingekuuliza."

Akatabasamu. "Naona kwamba kutojua kunakuwia kuzito."

"Kuzito, ndiyo. Kwa hiyo?"

Akanyamaza, mikono magotini, macho kwenye viatu vyake. Niliitazama saa ya ukutani: sekunde arobaini.

"Tuendelee na dripu, halafu tutaona," akasema. "Je, leo umepata ulichohitaji?"

"Kijana, hujajibu hata la kwanza."

"Vizuri umelisema hilo," akasema, akageukia kompyuta.

Hongera, mwalimu. Umefundisha ukafundisha.

Nilimpeleka Kjell kukiona kile chumba. Alijilaza kitandani na viatu vyake, akauliza, "Hiki changu. Mama analala wapi?" Nikamwambia mama atalala kwake. Akavaa kofia. "Basi twende nyumbani."

Nikimhamisha bila sababu, nitakuwa nimemtesa bure. Nisipomhamisha na sababu ipo, itakuwa vibaya zaidi. Unasema wewe si daktari wangu, ni mdogo wangu. Basi kama mdogo wangu niambie. Lakini kabla ya tarehe 30.

Dada yako,
Siv


Malmö, 6 Mei

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta unakula walau kidogo. Jaribu maziwa ya mgando, kijiko kijiko.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa Göteborg, kwenye mkutano wa madaktari kuhusu haya haya, namna ya kuzungumza na wagonjwa. Watu mia tatu. Niliwaeleza habari za mgonjwa mmoja aliyehesabu sekunde za ukimya, bila kukutaja jina. Bingwa mmoja wa ini akanyanyuka: "Mimi nilisomea ini, machozi sikuyasomea." Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka, kisha nikajikuta natafuta mlango.

Barua yako ilinikuta kabla sijasafiri. Sitakudanganya kwa hilo. Nilikuwa natafuta maneno yanayofaa.

Uliamuaje kuhusu Kjell? Kama umembakiza nyumbani kwanza, huenda ni sawa. Kiangazi kinawapendeza nyote wawili.

Mdogo wako,
Yngve


Tallsele, 22 Juni

Yngve,

Sijambo ni neno la desturi, niliache. Miguu imevimba. Macho yana rangi ya haradali, Kjell ndiye aliyegundua.

Ijumaa mama wa maktaba alinisaidia kulifungua faili langu la hospitali kwenye kompyuta. Sikujua kuwa mgonjwa anaruhusiwa. Nimenakili:

"19 Februari. Mgonjwa amearifiwa kuwa tiba si ya kuponya bali ni ya kupunguza dalili. Muda unaokadiriwa ni miezi kadhaa. Ameonekana kuelewa. Mazungumzo yamezingatia mahitaji yake."

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari langu siku hiyo hiyo ya Februari:

"Alhamisi. Digrii ishirini na moja chini. Broman, dakika kumi na moja. Alisema lengo ni niwe na maisha bora kadiri iwezekanavyo, na kwamba tutaona. Jioni supu ya njegere."

Maisha bora kadiri iwezekanavyo. Nilifurahi, Yngve! Jioni ile nilimwambia Kjell tutapanda viazi.

Chumba nilikikataa tarehe 29 Aprili alasiri, baada ya mtu wa posta kupita bila barua yako. Amepewa binti wa kijiji cha pili. Sasa nimewapigia tena, wanasema kilichobaki ni nafasi ya muda huko pwani, kilomita mia moja na tisini. Gari litamchukua Agosti. Miguu hii hainifikishi hata kwenye sanduku la barua.

Je, ulijua?

Na jambo moja zaidi. Kjell hajui kwamba nakufa. Nimejaribu mara mbili kumwambia; nikianza tu sauti inaniishia, ananiletea blanketi. Wewe umewafundisha watu miaka kumi na miwili namna ya kulisema jambo hili. Njoo uliseme. Aagane nami akijua anaaga.

Siv


Malmö, 1 Julai

Dada,

Nilijua. Nilijua nilipolifikia neno kongosho, nikiwa bado kwenye ngazi.

Ile sentensi, "mgonjwa amearifiwa", siwezi kuhesabu ni mara ngapi nimeiandika kwa mkono wangu. Tunaiandika tukiwa tumeshaingia chumba kinachofuata. Wala si uongo, maana tunaamini tumesema. Kila mmoja wetu husikia alichokusudia. Na wagonjwa wanaokwenda kusoma mafaili yao, unajua tunawaitaje tukinywa kahawa? Wakaguzi. Jina hilo nililianzisha mimi.

Katika somo langu wagonjwa walikuwa waigizaji. Walilia kwa wakati wake, walielewa kila kitu, na Broman alipata alama za juu kabisa.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nakuja. Julai nusu ya wenzangu wako likizo na siwezi kuondoka, lakini tiketi ya treni nimekata, tarehe 3 Agosti. Nitamwambia Kjell, kwa maneno mafupi, nikimtazama usoni. Hilo nakuahidi. Ningoje.

Mdogo wako,
Yngve


Tallsele, 5 Agosti

Dada yangu Siv,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako. Muuguzi wa hospitalini ameahidi kukusomea ukiamka. Jana nilikaa kando yako tangu mchana mpaka jioni na hukufumbua macho. Mkono wako ulikuwa na joto.

Leo asubuhi nilizungumza na Kjell. Tulikuwa kwenye vichaka vya matunda madogo mekundu, yeye akichuma, mimi nikishika ndoo.

"Kjell," nikasema, "mama yako ni mgonjwa sana."

"Najua. Anatapika."

"Ndiyo. Na hatakuwa..."

"Hatakuwa nini?"

Maneno yalikuwa mdomoni, Siv. Mawili tu. Alikuwa ananitazama, juisi imemchafua kidevu, na uso ni wako kabisa.

"Hatakuwa na nguvu za kupika kwa muda," nikasema.

"Nitapika mimi. Mayai najua."

"Vizuri."

"Mjomba, umeinamisha ndoo, yanamwagika."

Kisha akauliza gari la Ijumaa linampeleka wapi. Nikasema pwani, kutembea. Alifurahi mno, akaniacha na ndoo akakimbilia ndani. Tangu hapo nimefungua mdomo mara tatu. Mara ya mwisho alinitania, "Mjomba kama samaki."

Amefunga mizigo. Katika mkoba wake ametia nguo zako pia, lile gauni lako la bluu na viatu vya mvua. Anasema gari lipitie hospitali kwanza likuchukue, na anataka kujua uwe tayari saa ngapi. Nimemwambia nitakuuliza.

Ijumaa ni keshokutwa.

Mdogo wako,
Yngve