Usimrudishe kwa Shangazi

Mjukuu wangu Leokadia,

Marahaba. Huku Nyakisasa tunavuna maharage, na mguu wa babu yako umepona.

Unauliza kama uache kazi yako ya kupokea simu za vijana wenye shida, kwa kuwa baba yako anasema mnaanika aibu za watu. Nimekasirika kweli! Ujanani kwetu, siri ya msichana ilipelekwa kwa shangazi tu. Rafiki yangu Editha alinijia akilia kwamba mume wa shangazi yake anamshika kwa nguvu. Nami, mjinga, nikamkatiza: "Kamwambie shangazi." Akaenda. Akapigwa, akaitwa mwongo. Hakunisemesha tena mpaka tulipomzika.

Muulize baba yako, ile aibu ilikuwa ya nani? Simu ikilia, pokea, usikilize mpaka mwisho. Mimi sikusikiliza.

Bibi yako