Divine Anaongoza, Haolewi

Jumamosi, jioni. Mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Joto la ziwa limetulia mjini, nguo zinanata mwilini. Leo bunduki hazijalia huko milimani, na badala ya kushukuru nimeshinda nikitega sikio, nikingoja zianze.

Nina wasiwasi. Naandika hivyo mapema ili nisijifanye shujaa kwenye shajara yangu mwenyewe.

Kesho baada ya ibada vijana wa kikundi changu watatembea kutoka kanisani kwetu Bwiza hadi nyumbani kwa Pascal, kuanua matanga ya mama yake. Ni mwendo mfupi. Zamani tuliutembea tukila karanga na kutaniana. Siku hizi katikati pana bariyeri, kizuizi cha mawe na gogo la mti, na vijana wanaokaa pale wanauliza kila mtu ni nani na anakwenda kwa nani. Kartie ya Pascal, yaani mtaa wake, imebaki ya kabila moja. Atakayewatangulia wenzake kesho ni Divine, na Divine si wa kabila hilo.

Na mkubwa wa bariyeri ile ni Pascal mwenyewe.

Pascal alikuwa wetu. Alipiga gitaa kanisani, na suruali aliyobatizwa nayo niliishona mimi kwa cherehani hii ninayoiegemea sasa. Mama yake alikuwa akituletea karanga za kuchemsha kila Jumamosi, bado za moto, na kutufokea tukidondosha maganda sakafuni. Vita vilipogawa makartie, Pascal alibaki upande ule. Alikuja mara chache, kisha akaacha kuja. Sasa wenzake wanamwita chef, yaani mkuu wao. Mama yake aliugua akafa, na sisi hatukufika kumzika kwa sababu njia zilikuwa zimefungwa.

Neno hilo la chef linanichoma. Mimi ndiye niliyemwambia, mbele ya wote, kwamba nauona uongozi ndani yake, kwamba nchi hii itahitaji vijana wanaomcha Mungu na wanaosikilizwa na wenzao. Sikumkosea. Wengine nao waliuona uongozi huo, wakamchukua.

Labda ndiyo sababu ninamshika Divine kwa nguvu namna hii.

Divine ni mwanafunzi wa chuo kikuu, anakaa kwa shangazi yake kule Mutanga Sud, na wenzake walimchagua kuwa kiongozi wa kikundi Jumamosi iliyopita. Mzee Samweli, mzee wetu wa kanisa, alikunja uso. Kwa Kirundi kuongoza ni kurongora, na kurongora huko huko ni kuoa, kazi ya mwanamume. Mzee akasema kwa sauti yake ya mimbarini: "Umukobwa ntarongora, ararongorwa." Yaani msichana haongozi, huolewa. Watu wakacheka. Divine alimjibu kwa adabu, mikono nyuma: "Basi mzee, tuseme ku Kiswahili. Ku Kiswahili mwanamuke anaongoza na haoe mutu." Mzee mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Tulidhani neno hilo limeishia pale.

Jambo la kwanza aliloamua Divine ni hili la kesho. Kikundi chetu kina desturi: mwenzetu hatoki kwenye matanga peke yake, lazima tumwimbie nyumbani kwake. Divine akasema desturi haisemi mwenzetu awe bado anakuja kanisani. Nilitafuta hoja ya kumpinga wiki nzima.

Ujumbe aliupeleka kwa Mama Asha, jirani yangu hapa Buyenzi, anayetembeza beseni lake la ndagala, dagaa wa ziwani, karibu kila kartie. Waislamu wa Buyenzi watu hawajui wawaweke upande gani, kwa hiyo mara nyingi wanawaacha wapite. Divine alimwambia kwa Kiswahili: tunakuja Jumapili kwa Pascal kuanua matanga ya mama, na mimi ndiye ninayeongoza. Lakini vijana wa bariyeri walimtaka Mama Asha aseme yote kwa Kirundi, wasikie. Kirundi chake ni cha kuuza samaki. Akaokota neno alilolifahamu.

Walichosikia wao ni Divine, Pascal, Jumapili, kurongora.

Wakapiga miluzi. Kwetu ndoa husubiri matanga yaondoke, kwa hiyo habari iliwaingia akilini bila shida yoyote. Pascal alipofika alikuta ameshakuwa bwana harusi, watu wanampiga mabega. Hakusema ndiyo wala hapana. Na vijana wakamwahidi Mama Asha kwamba mchumba wa chef hataguswa, apite yeye na watu wake wote.

Mama Asha aliponieleza haya leo mchana nilicheka hadi machozi. Kisha nikapata amani ambayo sijaipata tangu Jumamosi iliyopita. Nikasema moyoni, kumbe Mungu anaweza kutumia hata Kirundi kibovu cha muuza ndagala. Nilifungua sanduku nikatoa kipande cha lesi nyeupe, nikaanza kukipima. Ndiyo, mimi mwalimu wa vijana, nilikuwa nakata shela la harusi ambayo haipo.

Divine alikuja na wenzake hapa kwangu kwa kikao cha kikundi, akanikuta na lesi mapajani. Mimi na Mama Asha tukamsimulia. Hakucheka.

"Apana, Mama Neema," alisema. "Tusipite mu uwongo."

Nilimwambia yeye hakusema uwongo, ni watu waliosikia vibaya, anyamaze tu. Nilimwambia kama mama yake angemwambia.

"Siku wanajua hakuna harusi, watamulipisha nani? Watamulipisha Pascal. Watasema chef alitudanganya juu ya musichana wa upande ule." Akaitazama ile lesi. "Na mama yake tutamuimbia nini? Nyimbo za harusi?"

Mimi nilikuwa nimemfikiria Divine peke yake. Yeye alikuwa anamfikiria Pascal, kijana wa bariyeri ambaye mimi nilishamfuta kwenye maombi yangu ya asubuhi bila hata kutambua. Niliona aibu, na hofu yangu haikupungua hata kidogo kwa aibu hiyo. Ilikuwa rahisi zaidi nilipokuwa nafundisha uongozi kwa chaki ubaoni.

Divine akamwomba Mama Asha arudi akasahihishe. Mama Asha alimwuliza: "Mutoto, we unataka kufa?" Divine akasema hataki, tena anaogopa sana, na ndiyo maana anaomba mapema. Kisha akawageukia wenzake akawaambia asiyetaka kuja abaki, na hakuna atakayemwuliza. Wawili walisema mama zao hawataruhusu. Aliwashukuru kwa kusema kweli, na nadhani alimaanisha.

Mama Asha aliondoka na beseni lake akinung'unika njia nzima. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono wa blauzi ya mteja, nikaushona ndani nje, nikaufumua, nikaushona tena vilevile.

Alirudi kabla jua halijazama. Safari hii, alisema, alikataa Kirundi chochote. Alimvuta Pascal pembeni, mbali na wenzake, ili awaambie yeye mwenyewe, akamwambia kwa Kiswahili kitupu: hakuna harusi, ni matanga ya mama yako, na Divine ndiye anayewaongoza. Pascal akauliza, nani atatembea mbele kabisa?

"Nikasema ni ule Divine. Akasema, basi atembee mbele kweli, musimufiche katikati. Nimuone."

Nilimwuliza sauti yake ilikuwaje. Mama Asha alikaa juu ya beseni lake lililopinduliwa, akafikiri kwa dhati, kwa maana ananipenda.

"Sauti ya mutu amechoka, Mama Neema. Kingine sijui."

Nimeligeuza neno hilo jioni nzima. Nimuone. Huenda anataka amwone kwanza yeye, kabla ya wenzake, awahi kuwaambia waweke silaha chini. Huenda. Mtu anaweza pia kutaka kumwona mwingine vizuri kwa sababu nyingine, na hiyo siiandiki. Mpango wangu ulikuwa kumweka Divine katikati, wale wavulana warefu wamzunguke, na nilikuwa sijamwambia.

Divine aliposikia jibu alisema tu, "Sawa." Halafu akaniuliza kama bado naukumbuka ubeti wa kwanza wa ule wimbo mama Pascal alioupenda, kwa sababu yeye anakumbuka wa pili tu. Tuliuimba pamoja polepole, pale pale kwenye cherehani. Kisha akaharakisha kurudi Mutanga Sud kabla ya saa ya watu kukatazwa kutembea usiku.

Lesi nimeirudisha sandukuni. Miaka yote hii nimetembea mbele ya vijana hawa, nikigeuka nyuma kuwahesabu. Kesho nitakuwa nyuma yao, nitamwona Divine mgongo tu, na gogo la bariyeri likitukaribia. Nitakwenda. Hilo nimeliamua, na kuliamua hakujaniletea usingizi.

Bwana, kesho mkono wa Pascal ukiinuka, uwe unatukaribisha.