Simba Aliyevuka Mto

Mama mpendwa,

Bwakire! Mgongo wako unaendeleaje na baridi hii ya huko Manga? Baba amepona kikohozi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia. Ningekupigia simu, lakini nikianza kusimulia sauti hukatika. Dada Bosibori akusomee polepole.

Unajua nilivyousifu mtaa huu wa Nairobi: miti mikubwa, nyasi laini, mto chini ya bustani. Sikukuambia kwamba ng'ambo ya mto ni mbuga ya wanyama.

Jumanne asubuhi nilimtoa Bibi, mama wa mwajiri wangu, aote jua kwenye kiti chake cha magurudumu. Haoni vizuri. Nikaenda kuanika nguo. Mara nikamsikia akisema kwa upole, "Njoo, mbwa wangu, njoo."

Mbwa alikuwa kibandani, amefungiwa.

Nikageuka. Simba jike alikuwa amesimama kando ya ua, macho yote kwa Bibi. Mama, mlango wa jikoni ulikuwa wazi, karibu nami, na nilitaka kukimbia. Lakini Bibi alikuwa amenyoosha mkono amguse.

Nilimwendea polepole, nikashika kiti, nikaanza kukivuta kinyumenyume.

"Kerubo, mbona unatetemeka?"

"Nyamaza, Bibi. Tafadhali."

Simba akapiga hatua. Magurudumu yakakwama kizingitini. Nikambeba Bibi kama mzigo wa kuni, tukaanguka ndani, nikausukuma mlango kwa miguu. Tukamsikia akinusanusa kwa nje. Ndipo Bibi akaelewa, akaanza kulia.

Askari wa wanyamapori walikuja wakatega mtego. Hawajamnasa. Jana tumeona nyayo mpya kwenye matope. Mwajiri anasema, "Usijali, atarudi kwao," kisha anapanda gari lake anaenda kazini. Mimi naanika nguo bafuni. Hata tawi likianguka nashtuka. Bibi naye hali chakula mpaka anishike mkono, na kila siku ananiuliza kama nitamwacha.

Sijui nimjibu nini. Ukisema nirudi, nitarudi. Ukisema nivumilie, nitajaribu, lakini kanisani niombeeni kwa jina langu, si kwa jumla.

Nisalimie shangazi wa Nyansiongo, na kaka yangu wa boda boda. Baba mwambie taratibu. Akisikia neno simba atakuja kunichukua kesho. Na akija, Mama, usimzuie.

Ni mimi binti yako, ningali hai,
Kerubo