Nilivyowatafunisha Wahadhiri Mahindi

Jumanne, baada ya chakula

Leo nimewatafunisha mahindi wahadhiri watatu, na bado nacheka peke yangu.

Walianza wao. Nimetoka Kibaigwa, sokoni ninakouza mahindi, alfajiri kwenda Dodoma kwenye usaili wa chuo, ule wa sisi tusio na cheti cha kidato cha nne ila tuna uzoefu wa kazi. Mwenyekiti akasoma fomu yangu, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, unasema unatambua mahindi yenye unyevu bila kipimo. Unayatambuaje?"

Maneno yote niliyokariri yakanipotea. Basi nikafungua mkoba, nikawagawia punje mbili mbili.

"Tafuneni, wakubwa zangu. Moja imekauka, nyingine bado. Iliyokauka inavunjika kwa mlio. Ile nyingine inabonyea, na ukiiweka ghalani inaozesha gunia zima."

Wakatafuna, macho juu. Mhadhiri kijana akashika shavu, ile kavu imemgonga jino.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Madalali walionidanganya, mwanangu. Hao hawana likizo."

Hata mwenyekiti alicheka.

Jioni hii ujumbe umeingia kwenye simu: nimepokelewa, naanza mwezi ujao. Kiingereza cha vitabuni kinanitisha, sitajidanganya. Nikikwama nitauliza, hata kama darasa zima ni watoto.

Binti yangu Neema yuko mwaka wa pili chuo hichohicho, na hajui lolote. Simwambii. Acha anikute kwenye foleni ya kantini, aniamkie shikamoo mbele ya rafiki zake wote.