Jina Lililo Ndani ya Bahasha

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mdogo wangu kanieleza kwamba yale mafuta ya kuchulia umeyatupa kwa kuwa yananuka. Mama jamani! Dawa si manukato. Mimi mzima, ila kikohozi kidogo, na kazi ni ile ile.

Uliwahi kuniuliza hiyo kazi hasa ni ipi, nikakujibu ni kubeba mafaili. Kweli nayabeba. Kila faili ni mtoto aliyepigwa nyumbani, au aliyeona mama yake akipigwa, nami ndiye ninayemfuatilia: atalala wapi, atasoma wapi, nani wa kumtibu, nani wa kukaa naye akilia. Jina la aliyetoa taarifa haliandikwi kwenye faili. Linafungwa katika bahasha kabatini, na ufunguo tunao wawili tu, mimi na bosi.

Sasa ninaye binti wa miaka kumi na tano. Tunamwita Kofia, maana kofia yake ya sufu haivui hata jua liwake vipi. Baba yake alikuwa akimpiga mama yake. Mtu akasema, baba akaondolewa nyumbani. Mama akashikilia kwamba aliyesema ni mdogo wake, yaani mama mdogo wa Kofia, wakatukanana matusi ya nguoni. Na huko kwa mama mdogo ndiko Kofia anakoishi, ndiko alikoanza kulala usingizi. Mama anataka aondolewe huko haraka.

Bahasha naijua. Ndani mna jina la Kofia mwenyewe. Alimwambia mwalimu wake.

Jumanne alikuja, akaketi ukingoni mwa kiti, akaniambia anataka kumweleza mama yake ukweli ila anaogopa kuchukiwa. Nikampa maneno yetu ya kazini, kwamba hakumsaliti mtu. Akaniuliza kama mimi ningethubutu kumwambia mama yangu. Mimi! Nikajifanya natafuta kalamu, na kalamu iko mkononi.

Ndiyo maana nakuandikia. Yule fundi cherehani wa mkabala na kwetu hakumchongea baba. Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilitoka shule nikapitia kituo cha polisi, daftari la hesabu kwapani, nikawaambia kwamba mkono wako haukuvunjika kwa kuteleza bafuni. Fundi alikuwa akitoka kununua nyuzi, akaniona nikiingia. Kesho yake wakaja kumchukua baba, nawe ukavuka njia ukamwambia fundi kwamba amekuvunjia nyumba. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Akanitazama mimi, si wewe, kisha akasema haya, ni yeye fundi aliyesema, na yaishe.

Miaka kumi na tisa hamjasalimiana. Hukumpelekea tena hata kitambaa cha meza. Naye hajafumbua mdomo, nami nikamwachia mzigo wangu kama vile ni wake. Naona aibu, mama. Kipigo cha baba nilikuwa nimekizoea. Wewe kunichukia nisingeweza kustahimili.

Mdogo wangu anasema macho ya fundi yamekwisha, siku hizi anaomba wapita njia wamtungie uzi kwenye sindano. Nikasirikie mimi, haki yako. Lakini kabla hujaketi kunijibu, vuka njia ukamtungie huo uzi.

Ijumaa Kofia atakuja na mama yake, nami nitakaa kati yao. Nimemwambia ataanza yeye akiwa tayari, na kwamba kufikia siku hiyo barua yangu mwenyewe itakuwa imekwisha kutumwa.

Mbusu mdogo wangu, na mafuta uyapake, yanuke yasinuke.

Ni mimi mwanao, Chiriku, yule uliyekuwa ukimwambia kila mtu kwamba siri haimkai tumboni.