Nta Juu ya Bati

Baba, nyuki wameingia kwenye dari la nyumba ya wakwe zangu. Leo siku ya tatu. Wote tumetoka ndani, tumetawanyika kwa majirani, na aliyewaita hao nyuki ni mimi. Hakuna anayejua isipokuwa mke wangu Zaituni.

Shikamoo baba. Salamu nimezichelewesha makusudi, maana nikitanguliza salamu nitaandika hatujambo, halafu nitaona haya, nitafunga bahasha. Goti la mama linaendeleaje? Na kifua chako? Huko Inyonga nadhani miyombo imeshatoa yale majani mekundu na wewe uko porini na mizinga, kwa hiyo sijui utaisikia lini hii barua. Mjukuu wako Salma ana siku ishirini na nne. Ni mzima, ila nyuki mmoja alimuuma nyuma ya sikio, uso ukavimba upande mmoja, jicho likaziba. Tulimkimbiza zahanati wakampa dawa. Sasa ananyonya. Dada Kalunde, wewe unayemsomea baba, usiruke mahali, hata ukiona pananiaibisha.

Nyumba iko Chemchem, hapa mjini, ni ya marehemu Mzee Sudi, baba yake Zaituni. Kwao mtoto wa kwanza anazaliwa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, kwa hiyo mimba ilipokuwa kubwa tukaacha chumba chetu cha kupanga tukaja hapa. Kazi ni ileile, kwa tajiri wa asali, nachuja na kupakia. Nyumba ni ya zamani, kuta nene, dari la mbao, bati juu. Anakaa mama mkwe na shemeji Nassoro, kaka mkubwa wa Zaituni, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, anauza vitambaa sokoni.

Mzee Sudi alikuwa anatengeneza kila kitu kwa mkono wake. Zaituni anasema mtoto akishika bisibisi anaambiwa weka chini, utaharibu. Basi waliweka chini wakakua hivyohivyo. Mzee alipofariki nyumba ikaanza kufa taratibu, na wao wanaiangalia. Mlango wa jikoni umetoka bawaba, wanaunyanyua na kuuegesha kama mgonjwa. Taa ya ukumbini haiwaki, wanapita na tochi ya simu. Dirisha limefungwa kwa kamba ya katani. Ukiuliza, jibu ni moja tu: hiyo marehemu ndiye alikuwa anaijua.

Siku ya kwanza tu nilipohamia, bomba la uani lilikatika kichwa. Maji yakaruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Nassoro akatoka na kanzu yake, akasimama. Mama mkwe akasimama. Zaituni na tumbo lake akasimama. Na mimi nikasimama.

Nassoro akasema, "Mzee alikuwa anafunga tu."

"Anafunga wapi?" mama mkwe akauliza.

"Sasa mimi nitajuaje? Alikuwa anatoka, anarudi, yamefungwa."

Tulikinga ndoo, tukajaza, tukajaza na masufuria, tukaishiwa vyombo. Mwisho akaja jirani, Mama Chausiku, amejifunga khanga kiunoni, akafunua kifuniko cha chuma karibu na geti, akazungusha kitu huko chini, maji yakakata. Akatuangalia. "Watu wazima wanne," akasema, halafu akarudi kwake. Ndiye huyu ambaye leo nimekaa uani kwake naandika.

Nilicheka moyoni baba, kwamba watu wa mjini hawajui nyumba yao wenyewe. Usiku wake nikajiuliza, na mimi je? Kwetu ukuta anakandika mama. Nyasi unaezeka wewe na mjomba. Mimi nilikuwa nakupasia tu, halafu nakimbilia porini. Nachojua ni kubandua gome, kushona mzinga, kupanda mti, kukaa kimya nyuki wasisikie. Nyumba hata moja sijui inasimamaje.

Lakini wao waliamini najua. Sikuwahi kusema najua, ila sikusema sijui, na wewe unanifahamu, watu wakiongea wengi mimi ulimi unalala. Mama mkwe akawa anawaambia wageni, "Mkwe wangu amekulia porini, wale wanajua kila kitu."

Salma alipokuwa na siku kumi ikanyesha mvua moja ya ghafla, kabla ya msimu. Bati likavuja pale pale juu ya kitanda cha mzazi. Zaituni akamfunika mtoto kwa mgongo wake. Mama mkwe akaja na beseni, akaniangalia mimi, siyo Nassoro.

"Baba Salma, kupanda kwako si shida."

Nikasema ndiyo mama.

Kesho yake nikafungua sanduku la vifaa la Mzee Sudi. Baba, lile sanduku limepangwa kama duka. Spana kwa ukubwa, misumari kwenye makopo, koleo mbili, na vitu vingine sijui hata jina. Kulikuwa na tyubu ya gundi ya bati. Niliibana, imekauka kama kuni. Hakuna aliyeijua kwa jina nikanunue nyingine, na mimi niliona aibu kwenda nayo dukani na kuuliza. Nikapanda. Juu nikaona matundu ya misumari, mengi, kutu imekula pembeni. Nassoro chini amesimama na mikono kiunoni, majirani wanachungulia. Nikakaa pale juu kama najua naangalia nini.

Ndipo nikawaza nta. Kazini ipo, machicha tunayochuja tajiri anatuachia. Nikabeba fungu, nikaiyeyusha kwenye sufuria ya mama mkwe, yeye amelala na Nassoro yuko sokoni, nikapanda nayo ikiwa moto, nikamwaga kila tundu, kila penye kiungo. Ilishika vizuri. Nikamwaga na maji juu kujaribu, ndani hakuna hata tone.

Baba, ile wiki niliishi kama mtu. Mama mkwe aliniita mwanangu. Nassoro alinipa mkono mbele ya rafiki zake akasema huyu ndiye fundi wetu. Kuku akichinjwa paja ni langu. Zaituni alikuwa ananiangalia hivi, sijui niseme vipi, hajawahi kuniangalia hivyo. Nikasema basi, hata mimi naweza kuwa na nyumba.

Halafu jua likaja. Unajua jua la mwezi huu. Bati linakuwa kama kikaango. Nta ikalegea, ikapita kwenye matundu yale yale, ikadondokea kwenye mbao za dari na kenchi, na ile harufu yake yote ikajaa huko juu.

Na hapa ndipo kosa langu lilipo, siyo kwenye nta. Jumanne asubuhi nilikuwa napiga mswaki uani nikamwona nyuki mmoja. Anaingia chini ya bati, anatoka, anazunguka, anaingia tena. Baadaye watatu. Mimi ni mtoto wako, nimepaka nta kwenye mizinga kuwaita nyuki kabla sijajua kusoma, nawajua wanaokuja kukagua nyumba. Nilijua wanarudi kuwaambia wenzao. Nilikuwa na Jumanne yote na Jumatano yote ya kusema. Ningesema tu, jamani, mtoeni mtoto. Lakini ningesema hivyo wangeuliza kwa nini, na ningesema kwa nini wangejua sikujua kutengeneza bati. Nikasema labda wataona ni mjini wataghairi. Nikaenda kazini.

Alhamisi mchana wakaja wote. Sikuwepo. Nasikia kiwanja kilitiwa giza. Waliingia chini ya bati, wengine wakapita kwenye ufa wa dari mpaka chumbani. Mama mkwe alimbeba Salma akamfunika kwa khanga, akamtoa mbio, na yeye akaumwa usoni na mikononi mahali kama kumi na saba. Tulimhesabia. Hakulia. Alikuwa anauliza tu, mtoto ameumwa wapi, mtoto ameumwa wapi. Ana miaka sitini na nane.

Toka hapo nimesikia maneno mengi. Kuna aliyesema ni husuda, watu wameona nyumba imepata mtoto. Shangazi mmoja akaleta ubani na udi, wakafukiza pale mlangoni. Nyuki wakatulia kidogo, kila mtu akamshukuru Mungu, halafu ubani ukaisha, wakatoka na hasira, shangazi akakimbia akaacha kiatu. Watu walicheka. Nassoro akanigeukia mbele ya wote.

"Baba Salma, hawa si ndugu zako? Hebu waambie kwa lugha yenu warudi kwao."

Wakacheka tena. Na mimi nikacheka.

Jana jioni Zaituni alinifuata hapa uani. Amembeba mtoto, amesimama, hakai.

"Sufuria ya mama ina nta," akasema.

"Nitaiosha."

"Sisemi habari ya kuosha."

Akaniuliza niliwaona lini. Nikasema Jumanne. Alimhamishia mtoto bega la pili baba, na mimi nikataka anipige. Halafu akasema, "Hukujua bati, hilo siyo kosa, hapa nani anajua? Lakini nyuki ulijua. Jumanne ulimpita mwanao kitandani ukaenda kazini." Akasema ananipa mpaka leo. Nisiposema mimi atasema yeye, na akisema yeye nisiende tena kwenye nyumba ile, wala kwa mtoto.

Leo asubuhi kikao kilikaa chini ya ukuta wa nje. Nassoro ameamua petroli. Anasema amwage kwenye matambara, afunge kwenye mti mrefu, awashe, aingize chini ya bati, dakika mbili wamekufa wote.

Mama mkwe, jicho moja limeziba, akauliza, "Na dari?"

"Dari likiungua kidogo tutaweka jingine."

"Nani ataweka?"

Tukaangalia bati, baba. Tulikuwa wanaume watano pale, wote tuna ndevu. Mbao zile Mzee Sudi alizipigilia mwenyewe, kavu, na sasa zimelowa nta yangu. Wao hawajui kama kuna nta. Moto ukigusa pale siyo dari linaungua, ni nyumba, na ya jirani. Pale kikaoni mimi peke yangu ndiye nilijua hilo, nilikuwa nimekaa pale, nimefungua mdomo mara mbili, na mara mbili mtu mwingine akaongea. Nassoro akawasha pikipiki akaenda kutafuta petroli.

Najua cha kufanya kwa hawa nyuki, nusu. Moshi wa taratibu jua likishuka, kufungua ubao mmoja wa pembeni, kukata masega, kumtafuta mama yao na kumtia kwenye mzinga. Kwa tajiri kuna mzinga mmoja wa gome mkuukuu, atanipa. Lakini ubao unafunguliwaje bila kuvunja, sijui. Na wewe siku zote ulinifundisha kuwaita. Kuwatoa hatukuwahi, maana porini ukimpata nyuki unafurahi. Ningekuwa na simu inayokufikia ningekuuliza hilo moja tu. Barua hii Mama Chausiku atampa dereva wa basi la huko, na ikifika haya yatakuwa yameshaisha, sijui kwa namna gani.

Baba, sikulaumu. Ila nilikuwa nawaza, ulipokuwa unaezeka na mjomba, mbona hukuniita juu hata siku moja? Labda uliona nimezubaa. Au labda nilitakiwa kuomba mwenyewe, na mimi siombi. Salma akikua, ingawa ni msichana, nitamwacha ashike bisibisi. Aharibu. Kama nitakuwepo.

Msalimie mama, mwambie sufuria si yake, asiogope. Msalimie bibi Nyamizi, mama yako, aliyenifunga shuka lake begani siku ninaondoka, bado ninalo, ndilo alilolalia Salma. Msalimie mjomba Igulu aliyenifikisha stendi kwa baiskeli. Dada Kalunde, asante kwa kusoma, usiwasomee watu wa nje.

Naondoka sasa baba. Pikipiki ya Nassoro imezimika getini na namsikia anauliza ngazi iko wapi. Ngazi nimeikalia mimi tangu nilipoanza kuandika. Lazima niende nimwambie habari ya nta kabla hajaniona nayo.

Mwanao,
Maganga