Skjóna Kavuka Bahari

Jutland, Denmaki
3 Juni 1979

Mpwa wangu Hallbera,

Nakuletea salamu nyingi kuliko bahasha inavyoweza kubeba. Hujambo? Mikono haijapasuka kwa chumvi huko kiwandani kwa samaki? Kondoo nimewaacha kwa jirani yetu Steinvör, wote wamekwisha kuzaa. Mimi ni mzima, tena nimenenepa.

Safari, mwanangu! Tulipotoka tu bandarini, bahari ikasimama wima kama ukuta. Nahodha alitapika. Mpishi alitapika. Paka wa meli naye akatapikia kiatu cha nahodha. Tuliobaki na heshima zetu ni wawili, mimi na Skjóna. Visiwani Faroe walinisihi nibaki niwafundishe kuchunga kondoo. Norwei mvua haikukatika, mpaka nilipoikaripia. Sasa niko kwa rafiki zangu, Preben na mkewe Birthe, wafuga nguruwe. Nakaa wiki mbili tu.

Ndiyo, nimesema Skjóna, farasi wako. Usishtuke ukikuta uwanja mtupu. Unamkumbuka Preben, yule aliyekuja kwetu na hema, akasema atatusaidia kukata majani, akakaa mpaka theluji? Nilimwambia tuna farasi ambaye ukimpanda na bia iliyojaa mpaka ukingoni, haimwagiki tone. Akacheka. Miaka minne ananicheka kwenye kadi za Krismasi!

Jana nimemfunga mdomo. Nimezunguka shamba lake lote, kikombe mkononi, kwa mwendo wetu ule, miguu inakimbia na mgongo umelala. Nilipofika nikainywa bia yote mbele ya majirani zake. Midomo wazi, nzi wakaingia.

Najua utanitajia sheria. Sheria ni ya farasi wa watu wasio na ulimi. Bandarini nilimweleza bwana mmoja mwenye kofia ya serikali, akacheka mpaka machozi, akasema, "Ketill, wewe nenda tu." Kukausha majani kutatukuta sote wawili nyumbani, mimi na Skjóna.

Mjomba wako,
Ketill


Hvammur, Aisilandi
21 Juni

Mjomba,

Steinvör hajambo. Kondoo hawajambo. Mimi usiniulize.

Nilishuka kwenye basi na mkate mkavu mfukoni, ule anaoupenda. Nikaenda uwanjani, nikapiga mluzi. Nikapiga tena. Nikafuata uzio wote mpaka mtoni, nikawa nachungulia majini. Steinvör akanikuta hapo.

"Unatafuta nini, mama?"

"Skjóna. Ameanguka mtoni?"

"Bora angeanguka," akasema. "Mjomba wako kampakia melini. Nilimwuliza, Ketill, umerukwa na akili? Akaniambia nina moyo wa kuku."

Nilikaa chini kwenye matope, mimi na mkate wangu. Barua yako nimeikuta nyumbani baadaye.

Ketill wee! Aisilandi hii, mtoto asiyejua hata kufunga viatu vyake anajua kwamba farasi akivuka bahari harudi. Hata hatamu aliyovaa huko hairuhusiwi kurudi, isije ikaleta maradhi. Yule mwenye kofia alikwambia nenda. Kurudi alikutajia?

Mama alimvuta Skjóna tumboni mwa mamaye kwa mikono yake mwenyewe, katika mwaka wake wa mwisho wa kusimama, kabla hajalala kitandani asiinuke tena. Akanikabidhi mimi. Hakukukabidhi wewe, ndugu yake. Nawe umemvusha bahari kwa ajili ya kikombe cha bia.

Mrudishe. Utakavyofanya sijui. Si wewe unayekaripia mvua ikanyamaza?

Hallbera


Jutland
24 Julai

Mpwa wangu mkali,

Barua yako imefika, na moto wake umeunguza mkoba wa tarishi. Mimi sijambo. Wewe na ulimi wako natumaini hamjambo.

Nimekwenda mpaka Kopenhageni, kwenye ofisi ya ubalozi wetu. Nikamkuta karani, kijana ambaye ndevu zake bado zinaulizana zitokee wapi. "Farasi amekwisha toka, mzee," akaniambia. Mzee!

Nikamwambia, "Unajua unazungumza na nani?"

Akasema, "Na mtu wa tatu mwezi huu anayetaka kurudisha farasi."

Nilipiga meza ikapasuka vipande viwili. Wote wakasimama kwa adabu wakanifungulia mlango. Lakini njia ipo, nitaipata, nipe muda.

Na hapa? Hawa nao ni watu? Preben alikula kondoo wetu, akalala kitanda cha marehemu baba, nani alimwuliza anaondoka lini? Huku kila asubuhi Birthe anaweka kahawa, anakata jibini nyembamba mpaka unaona kanisa upande wa pili, halafu anasema, "Ketill, meli yako inaondoka lini?"

Nikamwambia meli imegonga nyangumi. Kesho yake nikamwambia nyangumi amekwenda mahakamani. Hacheki! Preben naye anajificha nyuma ya gazeti. Juzi kaibuka kusema kuna jirani tajiri anamtaka Skjóna, nimwuze, nishike njia yangu. Nikamjibu, "Preben, anza kumwuza mkeo." Tangu siku hiyo tunakula kimya kama tuko matangani.

Skjóna ni mzima. Anajikuna kidogo tu, kwenye mkia. Ni joto la huku.

Mjomba wako aliyechokozwa,
Ketill


Hvammur
8 Agosti

Ketill,

Sina salamu.

Nimemwuliza daktari wa mifugo habari za huko kujikuna kidogo. Alikunja uso. Akasema kwetu hakuna visubi, wale wadudu wadogo wanaonyonya damu. Farasi aliyezaliwa huko amewazoea. Wetu akifika mtu mzima, ngozi yake haiwajui, atajikuna mpaka nyama. Si mwaka huu tu. Kila kiangazi, maisha yake yote.

Nijibu, na nyangumi wako umwache baharini. Anatoka damu? Singa zake za shingo na mkia zipo? Anakula?

Hallbera


Jutland
2 Oktoba

Hallbera,

Natumaini u mzima, na kondoo wameshuka wote kutoka milimani. Tangu nizaliwe hawajawahi kukusanywa bila mimi.

Anatoka damu. Singa zimekwisha. Anakula.

Barua nimeianza mara nyingi. Kila nikianza, kalamu inataka kusimulia mengine.

Alijisugua kwenye nguzo ya uzio mpaka nguzo ikalala chini. Preben kanifanya nichimbie nyingine. Daktari wa hapa kaleta mafuta yanayonuka kama papa wetu tunayemfukia mpaka avunde ndipo tumle. Yule tajiri kaja, kamtazama, karudi kwenye gari lake bila kuaga. Ndipo Preben akasema, "Mpige risasi, Ketill. Ndiyo huruma yenyewe."

Nikamkamata kola. Rafiki, eti! Tukavingirishana kwenye tope la nguruwe, watu wazima na vitambi vyetu, mpaka Birthe akatumwagia ndoo ya maji. "Mmemaliza?" akasema. "Au nilete nyingine?"

Kisha huyohuyo Birthe akaingia ndani, akatoka na shuka za harusi yake. "Shika hapa," akaniambia. Tumemshonea Skjóna vazi, kutoka masikioni mpaka mkiani. Utadhani ni mzimu wa kasisi. Mafuta nampaka mimi, asubuhi na jioni. Mkono mwingine haukubali, anauma.

Sisemi nimekosa. Nasema visubi ni washenzi, na sheria ni ya kishenzi, na Preben yumo humohumo. Baridi ikikaza, visubi watakufa. Katikati ya Novemba kuna meli ya mwisho kabla ya dhoruba. Nitamwacha kwa Birthe, nije nyumbani tuzungumze uso kwa uso.

Mjomba wako,
Ketill


Hvammur
25 Oktoba

Mjomba,

Nilikuwa nimeapa sitakuita hivyo tena.

Barua yako nimemsomea Steinvör. Akasema, "Msamehe, mama, ni damu yako."

Nikamwambia, "Iliyomwagika ni ya Skjóna."

Usije. Uje ukae kwenye kiti chako, unywe kahawa yangu, usimulie? Nakujua. Mwakani visubi watakuwa wakubwa kama kunguru, na wewe utakuwa umepigana nao kwa upanga, na kijiji kizima kitakuja kusikiliza. Yeye atakuwa amesimama uziani huko, kiangazi kimerudi, anamngoja mtu anayemjua. Atakayemtokea ni Preben na bunduki.

Ulisema kukausha majani kutawakuta nyote wawili nyumbani. Majani nimeyakausha peke yangu, lakini neno lako nimelishika. Rudi naye, au usirudi.

Kabla ya kumpaka mafuta, mkune chini ya taya la kushoto. Atatulia. Mama ndivyo alivyokuwa akimfanyia.

Nimekutumia soksi za sufu ya kondoo wako. Usizifanye kuwa msamaha. Bado nina hasira.

Mpwa wako,
Hallbera


Jutland
15 Novemba

Mpwa wangu,

Hujambo? Kondoo je? Mlango wa zizi la juu unahitaji kusukumwa kwa bega, usisahau. Soksi zimefika. Zinabana.

Nimekukasirikia. Nimeisoma barua yako, nikaenda kuitia jikoni iungue, nikarudi nayo mfukoni. Nikaisoma tena, hasira zikaongezeka. Binti niliyemfundisha kupanda farasi anifukuze kwenye ardhi niliyozaliwa! Nikamsomea Preben, nikitegemea mwanamume mwenzangu ataniunga mkono. Akasema, "Ana haki." Sasa nimemkasirikia na Preben upya.

Lakini taya la kushoto ni kweli. Aliniegemea mpaka nikaanguka.

Visubi wamekufa. Singa zimeanza kuota, fupi, zimesimama kama brashi ya viatu. Shuka tumezifua, tumezikunja, zinangoja kiangazi.

Leo asubuhi Birthe kaweka kahawa. Nje theluji. Redioni wametaja saa ya meli ya mwisho. Akachukua kisu, akaanza kukata jibini, akauliza bila kunitazama, "Ketill, meli yako inaondoka lini?"

Nilikuwa nimeandaa jibu zuri sana, la nahodha aliyeoa pomboo.

Nikamwambia, "Birthe, sina meli."

Kisu kikasimama. Preben akashusha gazeti. Birthe akasogeza kisu nyuma, akakata kipande kingine, kinene kama kidole gumba, akakiweka kwenye sahani yangu.

Mjomba wako,
Ketill